Usiku ulioharibikia mchana: kisa cha mama aliyerudi ngomani baada ya saratani ya titi

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama wa miaka 52, fundi cherehani wa Tanga mjini, mwenye watoto wanne na wajukuu. Jina simtaji, na mambo machache ya nyumbani kwake nimeyageuza ili asitambulike. Kwetu fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, aliletwa kwa ajili ya bega: mkono wa kushoto ulikuwa haufiki juu ya kichwa, na kuvaa gauni ilikuwa kazi ya watu wawili. Nilipomwuliza kama analala vizuri, swali ninalomwuliza kila aliyepita kwenye matibabu ya saratani, alinijibu, "Mwanangu, kulala nalala. Usingizi ndio sina."

Alikuwa amepitia matibabu yote. Upasuaji wa kuondoa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapa, kisha dripu za kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, mizunguko minane, minne ya doksorubisini na saiklofosfamidi, minne ya paklitakseli, halafu mionzi ya wiki tatu Dar es Salaam. Tangu mionzi ya mwisho ilikuwa imepita miezi minane. Kilichobaki ni kidonge cha tamoksifeni kila siku, dawa ambayo mwenye saratani inayofuata homoni huendelea nayo miaka 5, wengine hadi 10. Nyumbani kwake walishasoma dua ya shukrani, wakala, wakatawanyika. Kwa hesabu yao ugonjwa ulikuwa umekwisha, na hilo lilimfanya aone haya kulalamika kwamba halali.

Usiku wake ulikuwa hivi. Saa 2, akishaswali isha, anaingia chumbani kwa sababu kila mtu anamhimiza akapumzike. Anagaagaa mpaka saa 5, pengine saa 6. Akipitiwa, ni usingizi wa mang'amung'amu tu: paka akiruka bati anamsikia. Kati ya saa 8 na saa 9 joto linampanda kutoka kifuani hadi usoni, nguo zinalowa jasho, anaamka kubadili kanga. Akishaamka anaanza kujipapasa. Titi lililobaki, kwapa, shingo, mbavu. Kichomi chochote ni saratani imerudi. Kutoka hapo mpaka adhana ya alfajiri hapati hata lepe la usingizi. Kwa jumla alikaa kitandani muda wa saa 9 hivi na kulala muda usiozidi saa 4, tena vipandevipande.

Kijana wake alikuwa akimnunulia diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, ya miligramu 5 kwenye duka la dawa, na alishaimeza karibu kila usiku kwa miezi mitatu. Ikikosekana alimeza kidonge cha mzio, kile kinacholetea usingizi. Asubuhi kichwa kizito, mdomo mkavu. Mara moja alianguka bafuni.

Nilimsomea maswali 7 ya kipimo cha ukali wa kukosa usingizi kilichotungwa na mwanasaikolojia Charles Morin wa Kanada. Alama zake huanzia 0 hadi 28. Anayefika 15 ana tatizo la wastani linalostahili tiba, anayefika 22 ana tatizo kali. Mama alipata 21. Daktari wake naye alimtazama upya kabla hatujafanya lolote: damu haikuwa pungufu, tezi ya shingo ilikuwa sawa, hakuonyesha dalili za sonona, na mumewe alithibitisha kwamba hakoromi wala pumzi haimkatiki usiku. Uchunguzi huu si wa kurukwa. Mtu mwenye upungufu wa damu au pumzi inayokatika usingizini akiambiwa akacheze ngoma, amecheleweshewa tiba yake.

Hapo ndipo nilipomwomba anisimulie mchana wake, na jibu la kisa lilikuwa humo. Akishaswali alfajiri anarudi kitandani hadi saa 3. Chai analetewa chumbani. Wakaza wanawe wamezichukua kazi zote, kupika, kufua, hata kufagia uwanja, kwa mapenzi kabisa: "Mama, wewe pumzika." Cherehani imefunikwa kitambaa tangu siku ya upasuaji. Saa 8 mchana analala tena hadi saa 10. Jioni wanakuja wageni wa kumpa pole, naye anawapokea sebuleni, pazia limeshushwa ili mwanga usimwumize macho. Saa 1 usiku anakunywa chai ya rangi iliyokolea, vikombe viwili. Jua lilikuwa limepotea maishani mwake na hakuna aliyeona.

Nilivyomwelewa, usiku wake ulikuwa umeharibikia mchana. Tangu mtu anapoamka, mwili huanza kulimbikiza hamu ya usingizi. Kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo kadiri tunavyokuwa macho, na kila usingizi wa mchana huipunguza. Anayelala muda wa saa mbili alasiri hufika kitandani usiku hamu yake imeshatumika. Zaidi ya hamu hiyo, ndani ya ubongo mna saa inayotenganisha mchana na usiku, nayo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Mtu anayekaa nyuma ya pazia siku nzima anaiacha saa hiyo bila kiongozi. Tena uchovu wa baada ya saratani si kama uchovu wa shamba. Hauondoki kwa kupumzika, na mara nyingi huzidi kwa kupumzika. Familia ilikuwa ikimpa kwa wingi kile kilichokuwa kikimdhoofisha.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Spielman, pamoja na wenzake, waliyapanga mambo ya kukosa usingizi katika mafungu matatu: yanayomwelekeza mtu, yanayoanzisha tatizo, na yanayoliendeleza. Nimeupenda mpango huu kwa sababu unamfaa sana mgonjwa wa saratani. Mama huyu alikuwa mtu wa usingizi mwepesi tangu usichana wake. Yaliyoanzisha ni hofu ya majibu, maumivu ya jeraha, deksamethasoni aliyopewa pamoja na kemo kuzuia kichefuchefu na mzio, dawa inayojulikana kwa kukeshesha watu, na joto la kukoma hedhi ghafla ambalo tamoksifeni hulichochea. Mengi ya hayo yalishapita. Yaliyoendeleza ni kitanda chenyewe, usingizi wa mchana, chai, na desturi ya kujipapasa gizani. Kwa hiyo kumwambia "saratani imeisha, utalala tu" hakukuwa na maana.

Tiba inayotangulizwa duniani kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu si kidonge. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza kuanza na tiba ya fikra na mienendo, na kiini chake ni kupunguza muda wa kitandani uendane na usingizi halisi. Tulikubaliana aingie kitandani saa 5 usiku na kutoka saa 11 alfajiri, bila kulala mchana. Adhana ilitusaidia: mtu wa Tanga anayeamka na sala ya alfajiri ana saa ya kuamkia isiyobadilika sana mwaka mzima, na hiyo ni nusu ya kazi. Nilimweleza pia kwamba akikosa usingizi robo saa hivi, atoke chumbani, akae kwenye mkeka mpaka macho yawe mazito. Mjukuu wake wa darasa la sita akawa mwandishi wa daftari la usingizi.

Mpango ulianza kulegea mapema. Alirudi akaniambia, "Umeninyang'anya kitanda, sawa. Sasa nifanye nini?" Nilimshauri atembee nusu saa kila jioni. Akajaribu. Kila nyumba aliyopita alisimamishwa. Pole. Unaendeleaje. Na mkono? Na ile kemo uliacha? Fulani naye alikuwa na ugonjwa huohuo, amefariki. Alirudi nyumbani na saratani kubwa kuliko aliyotoka nayo. Wataalamu tunaoshauri matembezi tungefaa kufikiria mtaa wa Kiswahili ulivyo, mahali ambapo hakuna atembeaye peke yake bila kuulizwa.

Jibu lililetwa na wifi yake, aliyekuwa akimsindikiza. Tulikuwa tukinyoosha bega, mama analalamika kwamba mkono umekuwa mti, wifi akasema kutoka kwenye benchi: "Wifi, mkono huohuo ndio uliokuwa ukitusumbua kwenye lelemama, tukishindwa kuufuata." Mama akanyamaza. Kisha akainua mkono ule, polepole, kiganja kikageuka, shingo ikafuata. Ulipanda juu kuliko nilivyoufikisha mimi kwa wiki kadhaa.

Kumbe alikuwa kwenye kikundi cha ngoma tangu akiwa mwari. Lelemama, vugo, chakacha, arusi za mji mzima. Tangu apewe majibu hakukanyaga arusi hata moja, kwanza kwa ugonjwa, kisha kwa kifua kilichobaki upande mmoja.

Lelemama ni ngoma ya wanawake wa mwambao, ya miji kama Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Wanawake husimama safu, nyayo fupi, mwili umetulia, na mikono na shingo ndiyo inayosema. Vikundi vyake vilikuwa zaidi ya burudani: vilikuwa na viongozi, michango, sare, na upinzani mkali baina yao. Bibi Titi Mohamed alipotafuta wanawake wa kujiunga na TANU, chama cha kupigania uhuru wa Tanganyika, Dar es Salaam mwaka 1955, aliwaendea kupitia vikundi vya ngoma, naye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Nalitaja hili kwa sababu kikundi cha namna hiyo humjua kila mtu wake na humfuata asipoonekana. Hakuna karatasi ya mazoezi ya hospitali iliyo na uwezo huo.

Tulipanga ngoma kama tunavyopanga dawa. Mara tatu kwa wiki, kuanzia saa 10 na nusu jioni, dakika 45 hivi, kwenye uwanja wa nyumba ya mmoja wao, jua lingali linaonekana. Saa hiyo niliichagua makusudi. Ndiyo saa aliyokuwa akitoka kwenye usingizi wa mchana, kwa hiyo ili afike ilimbidi asilale: aoge, avae, atembee na wifi yake. Na kumbuka mwili ukifanya kazi hupata joto, kisha hupoa kwa saa kadhaa, na kupoa huko ndiko mwili unakokuhitaji kabla ya usingizi. Ngoma ya jioni mapema inampa mtu kupoa usiku. Ngoma ya usiku wa manane haimpi, kama tutakavyoona.

Walianza na lelemama, kwa sababu ni ya taratibu na inainua mikono bila kuilazimisha. Katikati chakacha, ambayo inafanyisha kazi kiuno na mapaja na kupandisha mapigo ya moyo. Mwisho lelemama tena. Kipimo cha nguvu tulikipata humohumo. Vitabu vya mazoezi husema kwamba kazi ya wastani ni ile inayomwacha mtu aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Wanawake hawa huimba wakicheza. Basi mama akiimba ubeti mzima kwa sauti, kazi ni nyepesi. Akianza kuitikia tu, amefika. Akishindwa hata kuitikia, akae.

Tahadhari zilikuwa kadhaa, na hapa sitaki kupita haraka. Doksorubisini inaweza kuudhoofisha moyo, hata baada ya tiba kwisha, kwa hiyo daktari aliupima moyo kwanza. Paklitakseli ilikuwa imemwachia ganzi ya nyayo. Mtu mwenye ganzi hajui mguu umekanyaga nini, naye hucheza vibaya akiwa pekupeku, ingawa ngoma hizi kwa kawaida ni za pekupeku. Alivaa viatu vya kufunika, bapa, na hakuzunguka kwa kasi. Mkono uliotolewa tezi unaweza kuvimba maji ya limfu. Zamani wanawake hawa waliambiwa wasibebe kitu kwa mkono huo maisha yao yote, mpaka utafiti wa Kathryn Schmitz na wenzake Marekani, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha wanawake 141 waliokuwa na uvimbe tayari, ulipoonyesha kwamba kunyanyua vyuma kwa kuongeza uzito polepole hakukuzidisha uvimbe. Neno la kushika ni polepole. Mama ni fundi, ana futi yake ya kupimia nguo, kwa hiyo kila Ijumaa alipima mikono yote miwili mahali palepale. Tofauti ikiongezeka sentimita 2, anakuja.

Kifua alikitatua mwenyewe. Alifunua cherehani kwa mara ya kwanza, akashona mfuko wa pamba laini, akautia mtama kiasi cha kulingana uzito na upande wa pili, akaushonea ndani ya sidiria. Bila uzito, alinieleza, bega moja hupanda na mwili hucheza kombo. Sikumfundisha hilo.

Kulikuwa na manung'uniko. Jamaa mmoja alisema mtu aliyeponea chupuchupu anapaswa kuwa kwenye mswala, si ngomani. Mama alimjibu kwamba kwenye mswala yuko mara tano, na kwamba Mungu aliyempa uhai hakumpa wa kulalia. Wakaza wanawe walikuwa wagumu zaidi, kwa sababu wao walikuwa wakiogopa. Niliwaita. Kazi mbili walimrudishia: kufagia uwanja asubuhi, ambako kulimtoa nje juani saa 12 na nusu, na kukata mboga. Chai ya rangi ya jioni ikawa ya mchaichai, bila majani ya chai.

Wiki mbili za mwanzo usingizi haukubadilika. Alichoka zaidi, na alitaka kuacha. Hili hutokea karibu kwa kila anayepunguziwa muda wa kitandani, na ni bora kumwambia mtu mapema. Wiki ya tatu akaanza kupitiwa ndani ya nusu saa. Wiki ya nne alama zake zilishuka hadi 17, na daktari akaanza kupunguza diazepamu kidogokidogo, maana kuikata ghafla kunarudisha kukesha kwa nguvu na kunaweza kuwa hatari. Muda wa kitandani tuliuongeza kwa robo saa kila alipolala vizuri wiki nzima, mpaka akawa anaingia saa 4 na nusu. Wiki ya kumi na mbili alikuwa na alama 10 na alilala muda wa saa 6 na ziada. Joto la usiku lilibaki, ila aliamka, akabadili kanga, akalala tena. Kujipapasa kulihamia mchana, mara moja kwa mwezi, kwa utaratibu tuliomfundisha.

Katikati ya hayo palikuwa na arusi. Mpwa wake aliolewa, mji ukajaa, na vugo ikapita mtaani na pembe zake. Alishika pembe kwa mkono wa kushoto na kuipiga kwa fimbo kwa saa kadhaa, kisha chakacha mpaka saa 7 usiku chini ya taa kali na spika. Hakulala mpaka kukapambazuka. Ijumaa futi ilionyesha mkono wa chini umeongezeka sentimita 2, na ngozi inabana. Tukaufunga bandeji za kubana, tukapunguza kazi ya mikono wiki mbili, ukarudi. Nikaona thamani kubwa ya usiku ule, kwa sababu ulitenganisha mambo ambayo watu huyachanganya. Ngoma ileile, mwili uleule, lakini saa tofauti, mwanga tofauti, kipimo tofauti, na matokeo yakageuka kabisa. Mwanga mkali usiku huizuia melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba giza limeingia, na mwili ulio moto na wenye msisimko haulali kwa kuamriwa.

Ukanijia mtihani mwingine bila kuupanga. Ramadhani iliingia, na ngoma zikasimama kama zinavyosimama mwambao wote. Alama zilipanda hadi 13. Ningependa kusema hiyo ni dalili kwamba ngoma ndiyo iliyokuwa ikimlaza, lakini Ramadhani inageuza kila kitu: daku inakatiza usiku, tarawehe inachelewesha kulala, futari huliwa nzito. Kilichonipa moyo ni kwamba hakurudi 21. Aliendelea kuamka na kufagia, na kutembea kwenda tarawehe na wenzake walewale wa ngomani. Mfunguo Mosi ilipofika wakarudi uwanjani, na baada ya wiki chache alama zikawa 9.

Je, ni ngoma iliyomtibu? Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kupona huku ilitokana na kupunguza muda wa kitandani na kuamka saa ileile kila siku, kwa sababu ndicho chenye ushahidi mzito kuliko vyote. Lakini mpango huo ulianza kuporomoka pasipo ngoma. Ngoma iliujaza mchana, ikamzuia asilale alasiri, ikampa jua, ikampa watu wasiomwuliza pole. Ilimpa pia sababu ya kuwa macho hadi saa 5, maana usiku alikaa akishona sare za kikundi. Na ilifanya jambo moja ambalo kitanda hakikuweza. Mwili aliokuwa akiupapasa usiku kutafuta uadui, mchana aliusikia ukimtii.

Tafiti zinaelekea upande huo, kwa tahadhari. Karen Mustian na wenzake Marekani walichapisha mwaka 2013 jaribio la watu 410 waliomaliza tiba ya saratani: waliofanya yoga ya taratibu mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, dakika 75 kila mara, walilala vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida tu. Mwaka 2017 Michael Irwin wa Los Angeles, pamoja na wenzake, walilinganisha tai chi, mwendo wa polepole wa Kichina, na tiba ya fikra na mienendo kwa wanawake 90 waliopona saratani ya titi na kukosa usingizi. Baada ya miezi 15 walioitikia tiba walikuwa asilimia 46.7 upande wa tai chi na 43.7 upande wa pili, yaani tai chi haikuachwa nyuma. Mwendo wa polepole, wa kukumbuka hatua, wa pamoja: anayeijua lelemama ataona udugu wake.

Kwa ngoma yenyewe ushahidi ni mwembamba zaidi, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo. Rainbow Ho na wenzake Hong Kong walichapisha mwaka 2016 jaribio la wanawake 139 wenye saratani ya titi waliokuwa kwenye mionzi. Vipindi sita vya tiba ya kucheza katika wiki tatu vilipunguza msongo na maumivu, lakini usingizi haukutofautika. Sioni hilo kama hukumu juu ya ngoma. Wanawake wale walikuwa katikati ya mionzi, na wiki tatu ni chache: mama wetu mbili za mwanzo alizitumia kuchoka tu. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2019 yaliyoongozwa na American College of Sports Medicine, chama cha tiba ya michezo cha Marekani, yanataja dakika 30 za mazoezi ya wastani, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 hivi, na yanasema ushahidi kuhusu usingizi ni wa kati. Ratiba ya uwanjani ilikuwa karibu na hiyo.

Siku hizi anashona mpaka saa 3 usiku na kulala muda wa saa 6, siku mbaya 5. Siku zinazotangulia kliniki ya Dar es Salaam bado hulala vibaya, na hilo tumekubaliana kuliacha lilivyo. Diazepamu ameshaiacha. Futi ya Ijumaa inaendelea.

Wanawake wengine wawili waliomaliza matibabu wameomba kujiunga na kikundi. Mmoja ameanza, kwa kukaa kwenye kiti na kuchezesha mikono, kwa sababu kemo yake ya mwisho haijapita muda mrefu na chembe sahani za damu yake, zile zinazoigandisha, zilikuwa bado chini. Wa pili ana maumivu ya paja yanayomwamsha usiku na kuzidi akikanyaga. Maumivu ya namna hiyo kwa mtu aliyekuwa na saratani ya titi yanaweza kuwa ni saratani iliyoingia mfupani, na mfupa ulioliwa huweza kuvunjika kwa hatua moja ya chakacha. Amepelekwa picha kwanza. Mpaka majibu yatoke, amepewa kazi ya kuongoza nyimbo.